Mamba wa Ufilipino na Wanakijiji Wamlindao

Hapana mtu akaaye karibu na mto asiyejua kumwogopa mamba. Tangu utoto wetu wazee walituonya tusioge penye kina cha maji matulivu, wala tusichote maji mahali pamoja kila siku. Kwa hiyo mtu akisema kwamba yafaa mamba alindwe, wengi watamcheka, au watamwuliza kama amepata kumwona ndama wake akivutwa majini. Swali hilo ni la haki. Leo twataka kuwaeleza habari za wilaya moja ya mbali ambayo watu wake walijiuliza swali lilo hilo, na jibu walilolipata.

Nchi yenyewe ni Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, upande wa mashariki ya Asia. Huko kuna mamba wa namna mbili. Wa kwanza ni mamba wa maji ya chumvi, ambaye ni mkubwa kupita mamba wote duniani. Mmoja aliyekamatwa mwaka 2011 katika kisiwa cha Mindanao alipimwa, akaonekana ana urefu wa futi 20. Wa pili ni mamba wa maji baridi, ambaye hapatikani katika nchi nyingine yo yote. Huyu ni mdogo, kwa kawaida hazidi futi 10, naye aonapo mtu hukimbia. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Karl Schmidt ndiye aliyemweleza kwanza katika vitabu vya elimu, mwaka 1935. Habari zetu ni za huyu mdogo.

Zamani alienea katika visiwa vingi. Kisha wakaja wawindaji waliotaka ngozi yake, kwa kuwa ngozi ya mamba hutengenezwa viatu na mikoba ya fedha nyingi. Baadaye mabwawa yakakaushwa yawe mashamba ya mpunga, na miti ya kingo za mito ikakatwa. Wavuvi nao wakaanza kuua samaki kwa baruti, kwa sumu na kwa umeme, na mamba wakafa pamoja na samaki. Wale waliosalia waliuawa kwa hofu tu, maana watu hawakutofautisha mamba mdogo na yule mkubwa alaye watu. Mwanzo wa miaka ya 1980 wataalamu walikadiria ya kuwa hawakusalia ila kati ya 500 na 1,000, nao wakazidi kupungua.

Katika kisiwa cha Luzon wengi walidhani kwamba amekwisha kabisa. Lakini mwaka 1999 mvuvi mmoja wa wilaya ya San Mariano, chini ya milima ya Sierra Madre, alitazama wavu wake akamkuta kinda wa mamba. Kinda hana budi kuwa na mama. Basi wachunguzi wakaja, wakafuata mito, wakauliza wenyeji, na kweli wakawaona mamba wachache wangali hai.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwahesabu. Mchana mamba hujificha, lakini usiku ukimmulika kwa taa macho yake hung'aa mekundu kama makaa. Kwa hiyo wachunguzi walipita mitoni usiku, wakahesabu macho na kuandika mahali pa kila mmoja. Wakajifunza pia habari za uzazi wake. Jike hukusanya majani na udongo akafanya kichuguu, akataga mayai ndani yake, kisha hukaa karibu akilinda. Joto la kichuguu ndilo liamualo kama watoto watakuwa waume au wake. Tena waliona kwamba watoto wengi hufa katika mwaka wao wa kwanza, kwa kuliwa au kwa kuchukuliwa na mafuriko.

Lakini elimu peke yake haimlindi mnyama. Serikali ya Ufilipino ilitoa sheria mwaka 2001, na mtu amwuaye mnyama aliye karibu kutoweka aweza kufungwa miaka 6 hadi 12. Sheria ni kali, lakini askari yuko mjini na mamba yuko mtoni. Akaaye mtoni ni mkulima na mvuvi. Wasipotaka wao, sheria ni maandishi tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa sababu hiyo wachunguzi waliketi na wanakijiji, wakawasikiliza kwanza. Walikuta wazee wa Kiagta na wa Kikalinga wakishika desturi ya kale ya kumheshimu mamba, wakisema kwamba asiyemchokoza hadhuriki. Wahamiaji waliokuja baadaye kulima hawakuwa na desturi hiyo; kwao jina la mamba lilikuwa tusi, kwani katika nchi ile mkubwa mla rushwa huitwa mamba. Basi mikutano ikafanywa vijijini, picha zikabandikwa, michezo ikachezwa, na watoto wa shule wakapelekwa kumtazama mamba wenyewe. Wakafundishwa ya kwamba huyu ni mnyama wa kwao tu, ambaye mataifa mengine hawana, na kwamba mto unaomfaa mamba unawafaa na samaki.

Mwaka 2001 baraza la San Mariano likautenga Mto Disulap uwe mahali pa salama pa mamba. Wanakijiji wakachaguliwa kuwa walinzi, kazi yao kutazama viota na kuwazuia wavuvi wa baruti na umeme. Mwaka 2003 kikaundwa chama kiitwacho Mabuwaya, jina lililounganishwa kwa maneno mawili ya kwao, maana yake ni kumtakia mamba maisha marefu. Chama hicho huchukua watoto wa mamba walioanguliwa, huwalea mwaka mmoja na zaidi hata wapate nguvu, kisha huwarudisha majini. Katika kisiwa cha Siargao nako, mwaka 2013, mamba 36 waliozaliwa katika mazizi waliachiliwa bwawani. Hata hapo uchunguzi ulihitajiwa, kwa maana baadhi ya mamba wa mazizini walionekana kuwa machotara wa wale mamba wawili, wala haikufaa kuwachanganya na wa mwituni.

Je, kazi imekwisha? La. Mwaka 2016 ilikadiriwa ya kuwa mamba wazima wa mwituni walikuwa kama 92 hadi 137 tu katika nchi nzima. Mkulima angali anataka shamba, na mvuvi angali anataka kitoweo. Faida ya mamba haijazi mfuko wa mtu. Lakini mto uliokatazwa baruti na sumu huleta samaki kesho, na ukingo ulioachiwa miti yake hauporomoki upesi. Hiyo ndiyo faida waionayo.

Hatusemi kwamba mambo ya huko yachukuliwe yalivyo na kuletwa kwetu. Mamba wa mito yetu ni mkubwa, naye huua watu kweli. Mwenye kumhifadhi asisahau mama achotaye maji wala mtoto apelekaye ng'ombe kunywa. Lakini njia waliyoifuata ni ya kufikiriwa. Kwanza walimjua mnyama wao, wakatenga ukweli na uvumi. Pili walimwuliza yule akaaye naye, wala hawakumwamuru tu. Tatu walimpa yeye mwenyewe ulinzi uwe kazi yake na sifa yake. Mvuvi yule wa mwaka 1999 angaliweza kumtupa kinda wake kando asiseme neno, na pengine leo tusingekuwa na habari hizi za kuwasimulia.