Namna ya Kuchagua Gia za Mashine

Katika Wilaya ya Same, tangu vijiji vilivyo bondeni karibu na reli hata vile vilivyo juu katika Milima ya Upare, zipo mashine za namna nyingi: za kusaga mahindi, za kukoboa mpunga huko Ndungu, za kukata tangawizi huko Mamba, na za kuponda jasi ichimbwayo Makanya. Kila moja huendeshwa na injini, au mota ya umeme, au trekta. Mtu atakapo kununua huuliza kwanza, "Ina nguvu za farasi ngapi?" Swali hili si baya, walakini silo la kwanza. La kwanza ni hili: mashine yenyewe yataka kuzungushwa mara ngapi kwa dakika? Maana injini ina mwendo wake na mashine ina mwendo wake, na kazi ya kuzipatanisha ni ya gia, au ya puli na mikanda.

Yatupasa kufahamu gia hufanya nini. Wazee wa Upare walijenga ndiva kwa kuwa maji ya kijito ni haba. Yakiachwa yatiririke, huishia njiani kabla ya kufika shambani. Basi hukusanywa usiku kucha, na asubuhi ndiva ikifunguliwa maji hwenda kwa nguvu hata mwisho wa mfereji. Ndiva haikuongeza tone hata moja. Imegeuza tu machache ya muda mrefu kuwa mengi ya muda mfupi. Gia nazo ni vivyo hivyo. Gurudumu lenye meno 20 likisukuma gurudumu lenye meno 60, hili kubwa litazunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya lile dogo, na nguvu yake ya kusokota itakuwa karibu mara tatu. Utakaye mwendo utatoa nguvu, na utakaye nguvu utatoa mwendo. Muuzaji akikuambia kwamba giaboksi yake yaongeza vyote viwili, usimpe fedha zako.

Tutwae mfano wa mashine ya kusaga kwa nyundo. Injini ya Lister ya namna ya zamani, ambayo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1929, ilisifiwa sana kwa kusaga. Ile ya nguvu 6 za farasi huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Ikifungwa puli ya inchi 20, na mashine ikifungwa puli ya inchi 4, nyundo zitazunguka mara 3,250, nao unga utakuwa laini. Sasa injini hiyo imechakaa, na mwenyewe ananunua injini mpya, nyepesi, izungukayo mara 2,200. Kwa kutaka kupunguza gharama anahamisha puli ile ile ya inchi 20. Hesabu yake ni mizunguko 11,000! Ama injini itashindwa na mikanda itaungua, ama nyundo zitazunguka zaidi ya mara tatu ya mwendo wake wa haki. Tena nguvu izivutayo nyundo zing'oke haizidi kwa mara tatu tu. Huzidi kwa mwendo kuzidishwa kwa wenyewe, yaani zaidi ya mara 11. Chuma kikikatika katika mwendo huo hupenya bati la mashine na kumwua asimamaye karibu. Puli iliyotakiwa ni ya inchi 6, nayo bei yake ni ndogo mno kuliko injini.

Kwa trekta mambo hugeuka. Ile shafti fupi itokayo nyuma, ambayo mafundi huiita PTO, kwa desturi huzunguka mara 540 kwa dakika, na katika matrekta mengine mara 1,000. Ukitaka kuitambua, hesabu mifuo yake: ya 540 ina mifuo 6, na ya 1,000 yenye unene ule ule ina 21. Mashine yetu ya nyundo ikiunganishwa moja kwa moja na shafti ya 540, itapiga punje bila kuzisaga. Yatakiwa giaboksi ya kuongeza mwendo mara tatu, kisha puli za kuongeza mara mbili, jumla 3,240. Kinyume chake, mashine iliyotengenezwa kwa 540 isifungwe kamwe katika 1,000.

Baada ya mwendo ndipo nguvu. Pampu ya maji huvuta sawasawa tangu asubuhi hata jioni, bali mashine ya kuponda mawe ya jasi hushtuka kila jiwe liingiapo, na mshtuko ndio uvunjao meno ya gia. Kwa hiyo giaboksi ya kuponda mawe huchaguliwa yenye uwezo wa karibu mara mbili ya nguvu ya injini, hali ile ya pampu hutosha ikizidi kwa robo. Vilevile wakaao milimani wakumbuke kwamba hewa ya juu ni nyepesi: injini ya dizeli isiyo na kisukuma-hewa hupoteza karibu sehemu moja katika mia kwa kila mita 100 za kupanda. Injini itoshayo Same mjini huenda isitoshe katika kijiji kilicho karibu na Shengena.

Wakati wa kununua, taka karatasi ya mtengenezaji yenye mwendo na uwezo wa giaboksi, pia aina ya mafuta yake. Na shafti ya trekta isinunuliwe bila kifuniko chake. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa nukta moja; ncha ya kanga au ya kanzu ikinaswa, mtu huvutwa kabla hajapata kupiga kelele. Kifuniko kikivunjika, trekta izimwe, na kazi isiendelee hata kipatikane kingine.