Je, Wajua? Jarida la wiki linavyojitafutia historia

Je, wajua kwamba jarida la wiki la kikundi cha Kailo, mkoani Maniema nchini Kongo, linaweza kujitafutia matukio ya kihistoria? Kinachohitajika ni jedwali lenye siku na mwezi, mwaka, na tukio. Kila Jumapili, mara tu baada ya usiku wa manane, programu husoma tarehe, huchagua matukio ya siku saba zinazoanza siku hiyo na kuyatuma kwa mhariri.

Tazama wiki ya 5 hadi 11 Novemba. Tarehe 5, mwaka 1876, mpelelezi Stanley na mfanyabiashara Tippu Tip waliondoka mji wa Nyangwe kuelekea kaskazini. Tarehe 11, mwaka 1961, wanajeshi 13 wa jeshi la anga la Italia, waliokuwa wakiutumikia Umoja wa Mataifa, walikamatwa mjini Kindu na kuuawa. Habari nzito kama hiyo isitumwe kabla mhariri hajaisoma kwa macho yake.

Wengi husahau saa. Maniema iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja: Kailo ikishaingia Jumapili usiku wa manane, kompyuta inayofuata saa ya Kinshasa bado iko Jumamosi. Iwekee saa ya Lubumbashi, ambayo ni sawa na ya Maniema. Kisha ijaribu programu kwa wiki inayoanza 29 Desemba, uone kama itavuka hadi Januari.