Kununua piesi za pikipiki: tusilipe mara mbili



Toka Kamanyola mpaka Sange na Kiliba, na kusini toka Makobola mpaka Baraka, mchele, mihogo na mafuta ya mawese vinatoka shambani juu ya pikipiki. Pikipiki ikilala siku tatu wakati wa mavuno, mzigo unanyeshewa na mnunuzi anaenda kwa mwingine. Kwa hiyo tuone namna ya kununua piesi (vipuri) bila kuchoma pesa ya koperative.

Mujue pikipiki yenu kwanza

Kumwambia muuzaji "nipe mnyororo wa TVS" au "wa Boxer" haitoshi. Boxer 100 na Boxer 150 si moja. Mwandike kwenye daftari ya koperative jina kamili la pikipiki, ukubwa wa moteri, mwaka, na namba ya shasi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani. Mukienda dukani, mubebe ile piesi ya zamani, imesafishwa. Muiweke karibu na mpya: urefu, matundu ya bulo na idadi ya meno vilingane. Musilipe mbele ya kulinganisha.

Namba zinasema nini

Pikipiki nyingi za kubeba mizigo huku kwetu zinatumia mnyororo wa 428. Kuna pia 420. Yote miwili, toka pini moja mpaka nyingine ni milimita 12.7, lakini 420 ni mwembamba. Ukiweka mnyororo wa 428 juu ya meno ya 420 utaingia, ila utacheza pembeni na kula meno upesi. Namba inayofuata, mfano 118, ni idadi ya viungo.

Kwa pine, namba kama 3.00-17 inaonyesha upana na ukubwa wa rimu, vyote kwa inchi. Pine ya 18 haiwezi kukaa kwenye rimu ya 17, hata fundi akilazimisha.

Mnyororo, pinyo na kuroni ni familia moja

Vitu hivi vitatu vinazeeka pamoja. Ukibadilisha mnyororo peke yake, meno ya zamani yaliyopinda kama ndoano yatauharibu ule mpya. Ni afadhali kununua vyote vitatu.

Namna ya kupima: chukueni metre, vuteni mnyororo unyooke, hesabuni pini 21, maana yake nafasi 20. Mnyororo mpya unapima milimita 254. Ukifika 259, umekwisha. Wakati wa kufunga, ile klipu ya kiungo upande wake uliofungwa uangalie kule mnyororo unakoenda, juu ikigeuzwa inaweza kuchomoka njiani.

Bei ndogo inaweza kuwa kubwa

Tutoe mfano tu. Seti ya dola 10 inadumu miezi 3; seti ya dola 22 inadumu miezi 9. Ya kwanza inakula zaidi ya dola 3 kwa mwezi, ya pili chini ya dola 2 na nusu. Tena hatujahesabu pesa ya fundi na siku za kulala. Kwa hiyo andikeni kila piesi ilifungwa siku gani na ilikufa siku gani. Baada ya mwaka mmoja, daftari itawaonyesha duka gani la kurudia.

Kwa breki musitafute bei ya chini kabisa. Mtu aliyebeba magunia kwenye mteremko anategemea breki hizo, yeye na watoto walio pembeni ya barabara.

Piesi za kutengenezesha

Wengi wanamwomba fundi wa kusudia aongeze porte-bagage ya chuma. Ni vizuri, lakini mukumbuke mambo matatu. Mzigo ukae karibu na katikati ya pikipiki. Ukisukumwa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hausikii. Porte-bagage ishikwe na bulo, isisudiwe moja kwa moja juu ya shasi, juu joto linadhoofisha chuma. Na kabla ya kusudia, betri itolewe nyaya.

Wengine wanataka nguvu ya kupanda milima. Kuroni yenye meno mengi inasaidia: kwa pinyo ya meno 14, mukitoka kuroni ya 42 kwenda 46, nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu 10 kwa 100. Lakini mbio zinapungua kwa kiasi karibu sawa, na moteri inazunguka zaidi kwenye tambarare. Mnyororo pia utahitaji kuwa mrefu kidogo.

Tununue pamoja

Mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 yalitufundisha kwamba njia inaweza kukatika usiku mmoja. Njia ikikatika, piesi zinapungua na bei inapanda. Koperative yenye pikipiki za aina moja inaweza kuweka akiba: seti moja ya mnyororo, breki za mbele na nyuma, buji mbili, shambreri mbili na kabo ya ambreyaji. Kununua nyingi kunawapa nguvu ya kupatana bei. Ombeni fakti yenye jina la duka, namba ya piesi na tarehe. Mwenye kutunza pesa aibandike kwenye daftari, kila mwanachama aione.