Fimbo Iliyompiga Mke Mwenzio: Somo la Ireland ya Kaskazini

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971, wanajeshi wa Uingereza walivamia nyumba za watu katika miji ya Ireland ya Kaskazini. Watu 342 walikamatwa na kuzuiliwa bila kushtakiwa. Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Brian Faulkner, alitaka kuliangamiza kundi la IRA.

Jamii zilikuwa mbili. Waprotestanti, waliokuwa wengi na walioshika serikali, walitaka kubaki chini ya Uingereza. Wakatoliki wengi walitaka Ireland iwe nchi moja, na kwa miaka walilalamikia ubaguzi katika kazi, nyumba na kura.

Pande zote zilikuwa na makundi yenye silaha, lakini siku ile waliochukuliwa walikuwa karibu wote wa upande wa Wakatoliki. Tena orodha zilikuwa za kale. Viongozi wengi wa IRA walikuwa wameshatoroka, wakabebwa watu wasiohusika. Zaidi ya 100 waliachiliwa ndani ya siku mbili.

Akina mama wa Kikatoliki walitoka nje na kugonga vifuniko vya mapipa ya taka, kuwaonya majirani kwamba wanajeshi waja. Maelfu ya familia ziligoma kulipa kodi za nyumba za serikali. Mtaa wa Ballymurphy, Belfast, watu 10 waliuawa kwa siku tatu. Miaka 50 baadaye, mahakama ilisema wote hawakuwa na hatia. Januari 1972, mjini Derry, wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji waliopinga kuzuiliwa huko, na 13 wakafa siku hiyo hiyo. Wazee waliohimiza subira wakakosa la kusema, na vijana wakamiminika IRA.

Waprotestanti wengi, kwa upande wao, waliunga mkono msako ule. Tusiwahukumu haraka, kwani mabomu yalikuwa yakilipuka madukani na mitaani mwao, nao walitaka ulinzi. Lakini hofu haikupungua. Mtaani Ardoyne, baadhi yao walihama na kuziteketeza nyumba zao wenyewe, Wakatoliki wasije wakaingia.

Kisha Februari 1973, fimbo ile ile iliwageukia. Waprotestanti wa kwanza walipozuiliwa, wenzao waliitisha mgomo, na damu ikamwagika. Mpango huo ulipokomeshwa Desemba 1975, karibu watu 2,000 walikuwa wamepitia vizuizini. Vita vilikuwa vingali vikiendelea.

Sisi Wakenya tunayajua haya. Frank Kitson, kamanda wa jeshi mjini Belfast mwaka ule wa 1971, alikuwa amepigana na Mau Mau hapa nchini, wakati maelfu walipozuiliwa bila kesi.

Wahenga walisema, fimbo iliyompiga mke mwenzio, ukiiona itupe mbali. Jirani yako akichukuliwa usiku bila kesi, usiulize yeye ni wa dini gani. Uliza mashtaka yake ni yapi, na atafikishwa mahakamani lini.