Maneno ya Taarab Huzikwa Chini ya Besi

Malalamiko ni yale yale kila nipitapo barazani. Wazee wa Mombasa wasema ya kwamba taarab ya siku hizi haina maneno. Vijana nao wasema ya kwamba taarab ya zamani haina muziki, ati yasikika kama redio iliyofungiwa kabatini. Mimi, ambaye kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti, nawaambia pande zote mbili kuwa ugomvi wao, kwa sehemu kubwa, si wa watungaji wala waimbaji. Ni ugomvi wa chombo kimoja ambacho msikilizaji hakioni, na wa mkono wa yule anayekizungusha.

Chombo chenyewe twakiita ikwalaiza, yaani kisawazisha sauti. Msomaji mwenye redio kubwa nyumbani amekwisha kukutana na mtoto wake: ni vile vifundo viwili vya besi na trebo. Jina hilo lilizaliwa katika kazi ya simu. Mafundi wa zamani waliona ya kuwa sauti ikisafiri katika waya mrefu hufika imechoka, na zinazochoka zaidi ni sauti nyembamba. Wakatengeneza saketi ya kuzirudishia nguvu zake, ili kinachotoka upande wa pili kiwe sawa na kilichoingia. Hapo ndipo penye maana ya kusawazisha. Leo ni wachache mno wanaosawazisha chochote. Kila mtu ataka kupandisha tu, na cha kwanza kupandishwa ni besi.

Ikwalaiza ziko za kila namna, za shilingi chache na za maelfu ya dola. Katika hizo za bei kali, mama yao ni Pultec. Ilianza kutengenezwa mwaka 1951 na kampuni ndogo ya Pulse Techniques katika jimbo la New Jersey, Marekani, kampuni ya mabwana wawili, Eugene Shenk na Ollie Summerlin. Ilikuwa ikiundwa kwa mkono, kwa wateja walioagiza. Mpaka leo studio kubwa za Marekani na Ulaya zawania zile zilizosalia, wengine huunda nakala zake, na ziko programu za kompyuta zinazoiga tabia yake. Nakala moja ya namna hiyo, yenye valvu kama za redio za babu zetu, niko nayo karibu kila siku kazini, kwa hivyo nitaieleza kama niijuavyo.

Kwanza, ni sanduku zito. Usoni lina vifundo vikubwa, vingine vyeusi kama vya jiko la umeme. Upande wa sauti nene, fundi huchagua mahali pa kufanyia kazi: mitetemo 20, 30, 60 au 100 kwa sekunde. Upande wa sauti nyembamba huchagua kuanzia mitetemo 3,000 hadi 16,000. Kisha kuna vifundo vya kuongeza na vya kupunguza, na hivyo vimeandikwa namba 0 hadi 10 pasi na kusema kumi ya nini! Mtu aliyezoea kutazama michoro kwenye kompyuta huona hiyo ni kasoro. Mimi naona ni baraka, maana hakuna cha kutazama. Ni sharti usikilize.

Pili, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, ndani yake zile koili, kapasita na rezista zinazofanya kazi ya kusawazisha haziwezi kuongeza chochote kamwe. Hazina umeme wa kuongezea. Kazi yao ni kupunguza tu. Sauti ikiingia hushushwa yote, kiasi cha desibeli 16 hivi, kisha valvu zilizoko mwishoni huiinua tena. Kwa hivyo fundi anaposema "nimeongeza besi", ukweli ni kwamba ameipunguza besi kidogo kuliko alivyozipunguza sauti nyingine. Kila aliyepewa, amepewa kwa mwenzake kunyimwa. Tangu nilipolifahamu hilo, sijazungusha kifundo bila ya kujiuliza ni nani anayenyimwa.

Chukua kikundi cha taarab. Kuna udi, fidla, kinanda, pengine tashkota, dumbak na tabla, gitaa la besi, na juu ya wote mwimbaji. Vyombo hivi havikai kila kimoja katika chumba chake. Katika mitetemo 200 hadi 400 kwa sekunde wamejaa wote: tumbo la udi, mkono wa kushoto wa kinanda, gitaa la besi na kifua cha mwimbaji mwanamume. Ni kama mlango mmoja wa msikiti watu wakitoka sala ya Ijumaa. Ukiongeza chochote hapo, unaongeza msongamano. Pultec ina tabia moja iliyoipa sifa kubwa katika jambo hili. Ukiongeza besi na kuipunguza kwa wakati mmoja, mahali pale pale, vitendo hivyo viwili havifutani, kwa sababu kupunguza hushika juu kidogo ya pale kuongeza kulikoshika. Matokeo yake ni kuwa sauti nene ya chini kabisa yainuka, nayo ile sehemu ya msongamano iliyo juu yake yabonyea kidogo. Dumbak yapata kishindo chake, na mwimbaji apata njia ya kupita. Ndiyo maana mafundi wengi hawazungushi kifundo kimoja pasi na cha pili.

Wakati wa kurekodi, rai yangu ni kwamba mtu akiache chombo hiki mbali kwa muda mrefu iwezekanavyo. Udi ukisikika mwembamba, usikimbilie kifundo, isogeze maikrofoni. Ikielekezwa kwenye tundu la udi, besi huwa nyingi kupita kiasi. Ikisogezwa kuelekea shingoni, nyuzi husikika kila moja peke yake. Hilo halina gharama. Lakini nakiri kuwa sauti ya binadamu ikipitishwa kwenye valvu tangu mwanzo, na kuongezwa hewa kidogo hapo penye mitetemo 10,000 au 12,000, hutoka imenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Mwimbaji akijisikia hivyo katika vipokea sauti vya masikioni, huimba vizuri zaidi. Hiyo nayo ni faida, ingawa haimo katika kitabu cha mashine.

Wakati wa kuchanganya ndipo hukumu inapotolewa, na hapo ndipo taarab yetu inapoumia. Studio nyingi huchanganya nyimbo kwa kufikiria spika za arusini, zile zinazopangwa moja juu ya moja mpaka vioo vya majirani vitikisike. Besi hupandishwa, ngoma hupandishwa, kisha kinanda, na maneno hubaki yakipiga mbizi. Fundi akiambiwa maneno hayasikiki, huongeza sauti ya mwimbaji yote pamoja, akaongeza pia kifua chake, na msongamano ukazidi. Dawa iko mahali pengine. Ufahamivu wa maneno umo katika konsonanti, na konsonanti zetu nyingi hukaa kati ya mitetemo 2,000 na 4,000, herufi s na sh zikipanda juu zaidi. Mara nyingi kinachotakiwa ni kumshusha kinanda mahali hapo kwa desibeli mbili tatu, wala mwimbaji usimguse.

Na Kiswahili chetu cha pwani kina sababu yake ya pekee ya kuhofia jambo hili. Mmvita akisema "paa" la nyumba na "paa" anayekimbia mwituni, hasemi neno moja. Yule wa mwituni hutoka na pumzi mdomoni. "Kaa" la moto halina pumzi. "Kaa" wa baharini anayo. Tofauti yenyewe ni mpumuo wa hewa usiofika hata nusu ya sekunde, nao hukaa huko juu kwenye sauti nyembamba. Fundi asiyejua, au kanda iliyochakaa, ikiufuta mpumuo ule, maneno mawili hugeuka moja, na shairi likawa na maana asiyoikusudia mtunzi.

Kuhusu kazi ya kumalizia, ile ambayo mafundi huiita masta, sitasema mengi. Hapo nyimbo zilizokwisha kuchanganywa huandaliwa kwa kutolewa, na mkono hutakiwa uwe mwepesi mno: nusu desibeli hapa, desibeli moja pale. Kwa kazi hiyo vifundo hutengenezwa vya kuruka hatua kwa hatua, ili upande wa kulia na wa kushoto vilingane kabisa, na fundi aweze kuandika alipofika na kurudi hapo mwezi ujao. George Massenburg wa Marekani, ambaye mwaka 1972 alieleza mbele ya wahandisi wenzake ikwalaiza ya namna mpya, inayomruhusu fundi kuchagua mahali, upana na kiasi, kila kimoja peke yake, baadaye aliunda mashine ambazo wamalizia kazi wengi huziapia. Tofauti yake na Pultec ni kama ya kisu cha daktari na cha jikoni. Vyote viwili vyahitajika.

Lakini santuri za zamani zina habari zake. Wengi hawajui ya kuwa kila aliyewahi kusikiliza santuri amesikiliza kupitia ikwalaiza. Santuri haiwezi kuchongwa na besi kamili, maana mfereji ungeyumba na kuingia mfereji wa jirani. Kwa hivyo besi hushushwa kabla ya kuchonga na trebo hupandishwa, kisha gramafoni hufanya kinyume chake wakati wa kupiga. Kiasi kinachotumika leo kilikubaliwa Marekani mwaka 1954 na kujulikana kwa jina la RIAA: huku chini na kule juu kabisa tofauti hufika karibu desibeli 20. Zile santuri ndogo za Mzuri zilizotoka hapa Mombasa hazina taabu kwa kanuni hii. Taabu iko kwa zilizotangulia. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, miaka 26 kabla ya makubaliano hayo, katika zama ambazo trebo haikuwa ikipandishwa namna hii. Mtu akiichukua santuri ya zama zile na kuipigia mashine ya leo, mashine huikata trebo ambayo haikuongezwa na mtu, na kuipandisha besi kupita kipimo. Sauti hutoka imefunikwa blanketi. Kisha twasema vya zamani vilikuwa hafifu, hali hafifu ni mashine yetu! Fundi mwenye ikwalaiza nzuri na masikio mazuri aweza kulifunua blanketi lile.

Nimeyaona manufaa ya jambo hili kwa kanda moja niliyoletewa na jamaa wa Mji wa Kale. Ilikuwa kaseti ya arusi, ya miaka ya sabini, aliyeimba ni bibi yao ambaye Mwenyezi Mungu amekwisha kumchukua. Wajukuu walitaka ipigwe katika arusi ya mwenzao, wakaniomba niipe besi ya kisasa. Dada ya marehemu, ajuza ambaye bado yuko hai, alikuja nao, akaketi pembeni na buibui lake, akasema yeye besi haimhusu. Ataka kusikia neno moja. Katika ubeti mmoja mwimbaji asema ameshika kaa. Wajukuu wamelikariri hivyo miaka yote wakijua ni kaa la moto, na hata shairi walilolipiga chapa wamelifasiri kwa moto wa mapenzi. Ajuza asema si moto, ni kaa wa pwani, na ubeti mzima ni kijembe kwa mtu aliyeshika asichokijua.

Kwanza niliinakili kaseti kama ilivyo, bila kugusa kifundo. Kisha nikaipitisha kwenye valvu. Nikashusha besi, ambayo ilikuwa mvumo wa feni na si muziki. Nikaongeza penye mitetemo 3,000, kwa upana mkubwa. Maneno yakainuka, lakini mchakato wa kanda ukainuka nayo, shhh, kama mvua juu ya makuti. Hapo ndipo kile kifundo cha pili cha juu kilipofaa: nikapunguza kuanzia 10,000, mvua ikaenda mbali, konsonanti zikabaki. Tukaupiga ubeti. Mara ya kwanza hakuna aliyesema neno. Mara ya pili mjukuu mkubwa akaomba urudiwe. Mara ya tatu mpumuo ulisikika dhahiri, pumzi ya bibi yao mwenyewe mbele ya vokali: kaa wa baharini, tena mwenye magando. Ajuza alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaanza kuwaeleza kijembe kile alikuwa akipigwa nani. Hilo halinihusu, nikatoka nje.

Wajukuu walipata nakala yao ya arusi, na besi niliwatilia kidogo, chini kabisa, pasipofika kwenye maneno. Ajuza alichukua ile nyingine. Nakala isiyoguswa imehifadhiwa peke yake, na juu ya boksi lake nimeandika vifundo vilikuwa wapi: 3,000 kuongeza, namba 4, 10,000 kupunguza, namba 5, besi, kupunguza tu. Atakayekuja baadaye na mashine bora, au masikio bora, ataanzia hapo, au ataanza upya.