Kengele ya Frere Town Haitoshi

Kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kwenye makutano ya Kengeleni ambako matatu hujazana tangu alfajiri, umesimama mnara mdogo wenye kengele. Ndio alama ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, hakuwa mkazi wa hapo. Hata hivyo, jina lililobaki ni lake.

Alama ya kihistoria huhifadhi kwa kuchuja. Huhitaji kitu kinachodumu, taasisi ya kukitunza na maelezo yanayosomeka kwa dakika moja. Kengele ilitimiza masharti hayo. Husimuliwa kwamba ililizwa kuwatahadharisha wakazi wavamizi walipokaribia. Simulizi hiyo hukumbusha hatari, lakini huwaacha wakazi wenyewe wakiwa watu wa kulindwa tu.

Wakazi hao walifanya mengi. Wengine walikuwa "Waafrika wa Bombay", waliotekwa wangali watoto, wakakombolewa na kusomeshwa Nashik, India, kisha wakarejea pwani wakiwa walimu na mafundi. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa daraja la ushemasi mwaka 1885. Askofu Hannington alipouawa Busoga mwaka huohuo, Jones ndiye aliyeongoza mabaki ya msafara wake kurudi pwani.

Pia walikuwapo watoro, yaani watumwa waliojikomboa kwa kukimbilia vituo vya misheni, hasa Rabai. Mabwana zao waliwadai, na mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ikakubali kulipa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Uhuru ambao watoro walikuwa wamejitwalia kwa miguu yao ukaandikwa kuwa zawadi ya kampuni.

Kwa hiyo kuitunza kengele ni nusu ya kazi. Kumbukumbu za Church Missionary Society zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza, na familia zenye asili ya Frere Town zingali na masimulizi yao. Panahitajika bango kando ya kengele, lenye majina ya wakazi, kazi walizofanya na habari za watoro. Mtoto anayekulia Frere Town ana haki ya kujua kwamba mtaa wake ulijengwa na watu, na kwamba watu hao walikuwa na majina.