Kwa Nini Maharagwe ya Embulbul Hukawia Kuiva

Maji ya Mombasa yakichemka hufika nyuzi 100 za Selsiasi. Ya Embulbul yakichemka, kipimajoto huishia karibu nyuzi 94, wala hakipandi tena hata mpishi aongeze moto namna gani. Nyuzi sita ni kitu kidogo kwa masikio, lakini ndizo zinazoamua kama githeri ya mahindi na maharagwe italiwa saa moja jioni au saa tatu usiku, na kama mtungi wa gesi utafika mwisho wa mwezi.

Embulbul, au Bulbul kama wanavyoita makanga wa matatu namba 111 za Ngong, iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, upande wa Milima ya Ngong unaotazama Karen na Nairobi. Ni mtaa wa watu waliotoka kila pembe ya nchi. Wamasai wa Kajiado wanapakana na Wakikuyu, Wakamba, Waluhya na watu wa Pwani, na kila mmoja amekuja na mapishi ya kwao pamoja na muda wa mapishi hayo kichwani. Aliyelelewa Kilifi akipika maharagwe ya nazi kwa saa zile zile za kwao, atayaepua yakiwa bado na kiini kigumu. Watu watasema hajui kupika. Wanamwonea.

Sababu iko hewani. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Embulbul ipo juu, hewa iliyobaki juu ya sufuria ni chache, na mgandamizo wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Pwani. Basi mvuke hupata njia mapema, maji yakachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi moja hivi. Kitengela, iliyo chini kidogo kwenye nyanda za Athi, hupata karibu 95. Anayeshuka barabara ya Magadi kupitia Kiserian, Kona Baridi na Olorgesailie mpaka Ziwa Magadi, lililo mita kama 600 tu juu ya bahari, atakuta maji yanachemka kwenye nyuzi 98. Akipanda kilele cha Milima ya Ngong, mita 2,460, yataishia karibu 92. Yote hayo ni ndani ya kaunti moja, Kajiado.

Charles Darwin alikumbana na jambo hili mwaka 1835 akivuka milima ya Andes, Amerika Kusini. Viazi vya msafara wake vilikaa motoni usiku kucha, asubuhi vikachemshwa tena, na bado havikuiva. Darwin aliwasikia wenzake wawili wakijadiliana juu ya mkosi huo, na uamuzi wao ukawa kwamba chungu ndicho chenye laana: kilikuwa kipya na kimekataa kupika viazi. Hukumu kama hizo bado hutolewa jikoni hadi leo, ila mara nyingi anayehukumiwa ni mpishi.

Ili kuelewa kinachochelewa, chukua punje moja ya maharagwe ya rosecoco iliyochemka saa nzima uibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda linateleza, nyama ya nje inapondeka, lakini katikati pana kipande kinachokataa, chenye rangi nyeupe ya chaki. Seli za harage zimeshikanishwa kwa pektini, ambayo kazi yake ni ile ya saruji kati ya matofali. Kuiva ni pektini hiyo kuyeyuka hadi seli ziachane. Joto likipungua kwa nyuzi 10, kazi ya namna hii huhitaji muda maradufu au zaidi, kwa hiyo nyuzi sita zinatosha kugeuza saa moja na nusu ya Pwani kuwa saa mbili na robo za Embulbul. Na kwa kuwa maji yanayochemka hayapandi joto, kuufungulia moto wote hakuharakishi chochote. Kunakausha maji na kumaliza gesi. Moto mdogo unaotosha kuleta mapovu machache chini ya mfuniko hupika kwa kasi ile ile.

Hata hivyo mwinuko hauelezi kila kitu. Majirani wawili wa ploti moja huweza kupika maharagwe ya aina moja siku moja, mmoja akala mapema na mwingine akangoja hadi watoto wakasinzia. Hapo ni lazima kuuliza umri wa maharagwe.

Harage lililokaa muda mrefu ghalani, hasa penye joto na unyevu, hubadilika ndani. Kalisiamu na magnesi zilizokuwa zimefungwa kwingine kwenye mbegu huachiliwa, zikahamia kwenye pektini na kuikaza. Baada ya hapo mtu anaweza kulichemsha nusu siku na likabaki na ukaidi wake. Dalili huonekana kwa macho: madoa mekundu ya rosecoco hufifia, na sehemu iliyokuwa na rangi ya maziwa huwa na rangi ya chai. Mazao ya mvua za vuli huingia sokoni mwanzoni mwa mwaka, na ya mvua za masika katikati ya mwaka, huku mengine yakivuka kutoka Tanzania na Uganda. Muuzaji wa nafaka wa soko la Ngong anajua gunia gani ni la msimu huu. Ni kumuuliza tu kabla hajapima gorogoro. Utafiti nao umefika hapa: taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO imetoa mbegu ya maharagwe ya Nyota, inayopendwa kwa kuiva haraka.

Kisha kuna maji. Maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvichumvi na madini ya kalisiamu, na kalisiamu ni ile ile inayokaza pektini. Anayepikia maji ya kisima huongeza saa bila kujua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi hupika maharagwe upesi zaidi.

Hapa pana imani moja inayofaa kurekebishwa, kwa sababu imewanyima wengi msaada wa bure. Mpishi hodari huonya kwamba chumvi hukaza maharagwe, isitiwe mpaka yaive. Kwa maji ya kulowekea, ukweli ni kinyume. Sodiamu ya chumvi huingia kwenye ganda na kuchukua nafasi ya kalisiamu, ganda likalainika na kutopasuka ovyo. Kijiko kikubwa cha chumvi kwa lita mbili za maji, usiku mzima, kinatosha. Asubuhi maji hayo yamwagwe, maharagwe yasuuzwe. Pamoja nayo huondoka sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Julai, usiku wa Ngong unapokuwa na baridi ya kuumiza vidole, maji hupenya taratibu, kwa hiyo ni vyema kuloweka kwa maji ya uvuguvugu.

Kisha kuna magadi, na hapa Kajiado ina la kujivunia na la kuhofia. Ziwa Magadi limefunikwa kwa tabaka nene la trona, mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na bikaboneti. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911 ili kuichimba, reli ikafuata, na tangu 2005 iko mikononi mwa Tata Chemicals ya India. Sehemu kubwa ya zao hilo huishia kwenye viwanda vya vioo na sabuni. Lakini mawe ya magadi yamekuwa yakiuzwa kwa wapishi sokoni kwa miaka mingi, na Waluhya wana ya kwao, musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea, ambayo hulainisha mrenda na kunde kwa namna ile ile. Sayansi yake ni moja: maji yenye alkali huvunja pektini haraka zaidi. Katika nyuzi 94, kipunje cha magadi hufanya kazi ambayo joto limeshindwa kuifanya.

Gharama yake isifichwe. Alkali huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya sababu za mtu kula maharagwe. Ikizidi, chakula huwa na utelezi na ladha ya sabuni. Na magadi ya mawe huja na floraidi. Maji mengi ya Bonde la Ufa tayari yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wengi wa Kajiado yanaonyesha kwamba kiwango hicho kinapitwa. Kumwongezea mtoto wa namna hiyo floraidi ya githeri ni kumkosea. Anayehitaji alkali atumie magadi soda ya pakiti, robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharagwe, basi. Zaidi ya hapo ni madhara bila faida.

Njia bora kuliko zote ni kurudisha mgandamizo uliopotea. Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa London sufuria yenye mfuniko wa kubana mwaka 1679, akilainisha mifupa ndani yake. Sufuria ya presha ya leo ni mjukuu wake. Inafungia mvuke mpaka maji yapite nyuzi 115 hata hapa Embulbul, na maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa nusu saa au chini yake. Bei yake huumiza siku ya kununua, lakini kwa nyumba inayopika githeri na ndengu kila wiki, hakuna chombo kingine kinachookoa gesi kiasi hicho. Valvu isafishwe kila mara, na chungu kisijazwe kupita nusu kwa nafaka, maana povu la maharagwe huziba njia ya mvuke.

Wasio nayo wanaweza kutumia kikapu cha kuhifadhi joto, kile kilichojazwa mabaki ya nguo au pamba, ambacho vikundi vingi vya kina mama hushona wenyewe. Sharti moja ni la usalama. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili, lektini, inayoleta kutapika na kuhara, nayo huharibiwa kwa kuchemka sawasawa. Joto la nyuzi 80 pekee haliiondoi. Huweza kuifanya kali zaidi. Kwa hiyo sufuria ichemke kwa nguvu nusu saa kamili kabla ya kuingia kikapuni.

Na wasiotaka shida hiyo yote wananunua yaliyokwisha kuchemshwa. Kando ya barabara, jioni, wanawake huketi nyuma ya ndoo zenye mifuniko, kila moja na chakula chake: githeri, ndengu, njahi, rosecoco. Kikombe kinachotwa, mvuke unafunika uso wa muuzaji, punje zinamwagwa kwenye mfuko au chombo cha mteja. Wako wanaoona kununua hivyo ni uvivu. Si uvivu hata kidogo. Sufuria kubwa juu ya jiko moja hupikia nyumba ishirini kwa moto ambao nyumba ishirini zingeuchoma mara ishirini, na mchuuzi anayefanya kazi hiyo kila siku anajua gunia gani lina maharagwe makongwe, kwa sababu hasara ni yake. Mteja ana kazi mbili tu: kuuliza yamechemshwa lini, na kuyachemsha tena nyumbani hadi yatokote, kwani nafaka iliyoiva huchacha upesi ikikaa bila baridi ya friji.

Nyumbani kazi inayobaki ni ya kukaanga, na pana kosa moja la mwisho la kuepuka. Vibanda vinavyouza chapati na madondo hukaanga kitunguu, vikaweka nyanya na dania, kisha vikamimina maharagwe yaliyoiva tayari. Mpangilio huo una sababu. Asidi ya nyanya, kama ya ndimu au ukwaju, huzuia pektini kuyeyuka, na harage lililotiwa nyanya likiwa bado gumu litabaki hivyo kwa muda mrefu. Basi punje ijaribiwe kwanza kwa vidole. Ikipondeka yote, kitunguu kiingie kwenye mafuta.